Kulingoja Ini: Supu, Ndimu na Kuzimua

Hangova huja pombe ikiwa inaondoka. Mnywaji wa usiku hucheka, hucheza na kuapa kwamba yu mzima. Kichwa humgonga alfajiri, kileo katika damu kikikaribia kwisha, na maumivu hayo yanaweza kudumu hadi jioni. Ndiyo maana karibu dawa zote ambazo watu wamezibuni dhidi yake ni dawa za asubuhi. Hutafutwa wakati sehemu kubwa ya kazi ya kuondoa kileo imekwishafanywa na ini, na hiyo iliyobaki haimsikilizi mwenye haraka.

Hesabu ya kazi hiyo ni nyepesi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za ethanoli, na chupa nne zina gramu 80. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa nne huhitaji saa 8 hadi 11. Aliyeanza kunywa saa mbili usiku humaliza deni lake kati ya saa kumi alfajiri na saa moja asubuhi. Huo ndio wakati ambao sufuria za supu huanza kufunuliwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Nairobi.

Ndani ya ini ethanoli hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu kuliko pombe yenyewe, kisha kimeng'enya cha pili huigeuza kuwa asetati, ambayo mwili huimalizia kwa kuifanya maji na hewa ya ukaa. Kimeng'enya hicho cha pili kikiwa dhaifu, kama kilivyo kwa watu wengi wa Asia ya Mashariki, glasi moja tu hutosha kuuwasha uso, kuupeleka moyo mbio na kuleta kichefuchefu. Mwaka 1948 watafiti wa Denmark walitangaza matumizi ya disulfiramu, dawa inayokizuia kimeng'enya hicho kwa makusudi, na tangu hapo imetumiwa kuwasaidia waraibu waache pombe: mwenye kuimeza akionja kileo huadhibiwa papo hapo.

Hata hivyo asetaldehaidi haielezi hangova yote, kwa maana kufikia asubuhi imekwisha kupungua sana. Kuna mambo mengine yanayokwenda pamoja nayo. Pombe huizuia homoni ya vasopresini, ambayo kazi yake ni kuziamuru figo zitunze maji; mnywaji hukojoa kuliko kawaida, akaamka na kiu na kinywa kikavu. Utando wa tumbo huwashwa na asidi huongezeka. Ini likishughulika na kileo hupunguza kutengeneza sukari, hivyo aliyekunywa bila kula huweza kutetemeka na kuishiwa nguvu. Usingizi wa pombe huja haraka lakini hukatikakatika kuelekea alfajiri. Juu ya hayo, kinga ya mwili huamka kana kwamba kuna ugonjwa, na mchochota unaofuata huleta maumivu ya viungo, uzito wa kichwa na ile hali ya kutotaka kusemeshwa.

Aina ya kinywaji nayo ina neno lake. Pombe kali zenye rangi hubeba viambata vingi vitokanavyo na uchachushaji na mapipa, na jaribio lililochapishwa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, lilionyesha kwamba wiski ya bourbon huacha hangova kali kuliko vodka kwa kiwango kilekile cha ulevi. Ila wanywaji wa vodka nao waliamka wagonjwa. Kiasi cha ethanoli ndicho kinachoamua zaidi, na viambata huongeza tu.

Maradhi yenye sababu nyingi hivi hayawezi kuwa na dawa moja. Yana vyakula vingi, kila kimoja kikishika kipande chake.

Tanzania Bara, chakula cha kwanza ni supu. Katika baa zinazofungua mapema, kwa mama ntilie na kwenye vibanda vya stendi, sufuria kubwa hukaa juu ya mkaa ikiwa na supu ya ng'ombe, mbuzi, kuku wa kienyeji, utumbo au makongoro. Mteja huletewa bakuli la moto, chapati mbili au ndizi za kuchemsha, kipande cha ndimu, chumvi na pilipili. Makongoro, yaani kwato na miguu ya ng'ombe, huheshimiwa kuliko vyote kwa sababu ya uzito wake: yamechemshwa usiku kucha mpaka gundi ya mifupa imeyeyuka, na supu ikipoa huganda. Kandokando ya Ziwa Victoria kazi hiyo hufanywa pia na supu ya kichwa cha sangara au sato. Kenya, supu ya mifupa au ya kichwa huuzwa kwa kikombe kando ya soseji za mutura na nyama choma, hunywewa mteja akiwa amesimama. Uganda, asubuhi ni ya katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo katika chungu kimoja.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vyakula hivyo kilichobuniwa kwa ajili ya mlevi. Supu ya asubuhi ni kifungua kinywa cha dereva wa lori, kuli wa sokoni, fundi anayekwenda saiti na mgonjwa aliyeanza kupata hamu ya kula. Mtori wa Kilimanjaro, ndizi zilizopondwa katika mchuzi wa nyama, ni chakula cha mama aliyejifungua. Aliyeshinda na pombe ya mbege jana huukuta mgahawani umekwishapikwa kwa heshima ya watu wengine. Uji wa ulezi ni wa mtoto na wa mzee. Mlevi wa asubuhi huingia katika meza ya watu waliopoteza nguvu kwa sababu zenye haki zaidi, naye hupewa bakuli lilelile bila kuulizwa.

Mfano wa Korea unakwenda njia hiyohiyo ingawa umefika mbali zaidi. Huko kuna supu yenye jina la kazi yake, haejangguk, supu ya kuondoa ulevi, na aina zake ni nyingi: ya damu ya ng'ombe iliyoganda, ya uti wa mgongo wa nguruwe, ya chipukizi za soya ambayo mji wa Jeonju unajivunia. Katika mtaa wa Cheongjin-dong, Seoul, supu hiyo imeuzwa tangu miaka ya 1930, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wauza kuni na vibarua waliofika sokoni kabla ya jua. Walevi walifuata baadaye. Meksiko kuna menudo, utumbo wa ng'ombe na mahindi katika mchuzi wa pilipili nyekundu. Uturuki kuna supu ya utumbo iitwayo işkembe, inayokolezwa kwa siki na vitunguu saumu, na maduka yake Istanbul hukesha wazi.

Kufanana huko kwa watu wasiowahi kushauriana kuna sababu ya kawaida kabisa. Utumbo, kwato na kichwa ni nyama za bei nafuu zinazotaka moto mdogo wa saa nyingi. Chungu chake hutelekwa jioni na kuwa tayari alfajiri, saa ambayo jiko la nyumbani bado limelala na mfuko wa mnywaji umekonda. Kabla ya kuwa dawa, supu ya matumbo ilikuwa ndicho chakula pekee cha moto kilichopatikana saa hiyo kwa pesa hiyo.

Ila ubora wake haukomei kwenye upatikanaji. Bakuli la supu lina maji, na lina chumvi inayoyafanya maji hayo yakae mwilini badala ya kupita. Chapati na ndizi hurudisha sukari kwenye damu pole pole. Joto la supu na jasho la pilipili humpa mlaji hisia ya kwamba kitu kinatoka mwilini, ingawa kileo kinachoondoka kwa jasho, pumzi na mkojo ni sehemu ndogo tu na ini ndilo linaloondoa karibu chote. Ndimu husisimua mate na kukata utelezi wa mafuta. Uchachu huu nao ni lugha ya dunia nzima. Warusi na Wapolandi hunywa maji ya chumvi yaliyobaki kwenye matango ya kuchachusha, Wajerumani hula samaki wa heringi aliyelazwa kwenye siki, Waperu hunywa maji ya ndimu yaliyotoka kwenye samaki mbichi na kuyaita maziwa ya chui. Palipo na uchachu, mara nyingi pana chumvi pia, na chumvi ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Jambo moja kuhusu chakula husahaulika kwa kuwa linatokea upande usiofaa wa usiku. Kileo hufyonzwa hasa katika utumbo mwembamba, na tumbo lenye chakula hukichelewesha kufika huko. Ugali na nyama vilivyoliwa saa moja jioni, kabla ya chupa ya kwanza, hupunguza makali ya pombe kwa namna ambayo chakula hichohicho hakiwezi asubuhi. Warumi walilijua nusu ya jambo hili: Plinio Mkubwa, katika karne ya 1, aliandika kwamba mapafu ya kondoo ya kuchoma yakiliwa mapema huzuia ulevi. Aliamini uwezo uko kwenye mapafu. Kumbe ulikuwa kwenye neno mapema.

Vinywaji vya asubuhi ni kundi la pili. Maji ya kawaida hutibu kiu na kinywa kikavu, wala hayagusi mchochota wala usingizi uliokatika, kwa hiyo mtu anaweza kunywa lita mbili na kichwa kikabaki palepale. Maji ya dafu, yanayopatikana kwa urahisi kuanzia Mombasa hadi Mtwara, yana potasiamu nyingi na sukari kidogo lakini sodiamu yake ni haba, hivyo yanakwenda vizuri yakifuatana na kitu cha chumvi. Kilicho bora kwa kurudisha maji kinauzwa kwa bei ndogo duka lolote la dawa, nacho ni pakiti ya ORS iliyokusudiwa watoto wenye kuharisha. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, lita moja yake ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitrati. Asiye nayo huchanganya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita ya maji safi.

Chai ya tangawizi ina sifa ya kweli ya kutuliza kichefuchefu. Maziwa ya mtindi hupoza tumbo linalowaka kwa muda. Kahawa huleta uchangamfu bila kuondoa kileo hata chembe. Humsaidia zaidi aliyezoea kahawa kila siku, ambaye kichwa chake kingemuuma kwa kuikosa hata kama hakunywa pombe. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinafanya kazi ileile ya kahawa kwa sukari nyingi zaidi. Asali na juisi ya miwa hutajwa sana kwa sababu fruktosi inasemekana kulisukuma ini; athari yake ni ndogo, na majaribio hayakuona kwamba hangova ilipungua.

Kisha kuna kuzimua. Mtanzania huzimua, Mkenya hutoa loki, na wote wawili hufungua chupa moja asubuhi ili kuituliza ile ya jana. Methali ya dawa ya moto ni moto hupata hapa mteja wake mwaminifu kuliko wote. Na kwa saa moja au mbili methali husema kweli: kichwa hupungua, mikono hutulia, hamu ya kula hurudi. Sehemu ya maelezo ni kwamba vinywaji vingi vina methanoli kidogo sana, ambayo ini huanza kuishughulikia ethanoli ikiisha, ikitoa mazao yenye sumu. Ethanoli mpya ikiingia, ini huiacha methanoli na kurudi kwenye kazi ya kwanza. Sehemu nyingine ni kwamba pombe hupoza maumivu na wasiwasi, kama ilivyofanya usiku.

Deni halikulipwa, limeahirishwa, tena kwa riba ya chupa moja zaidi. Palipo na pombe za kienyeji za ulevi mwepesi, kama mbege au tembo la mnazi, kuzimua kumepata sura ya ustaarabu, kwani kinywaji ni kama chakula na kata hupita kwa watu wengi. Hatari huanza pale asubuhi inapoanza kuidai. Mtu anayeamka akitetemeka na kutoka jasho, asiyeweza kushika kikombe mpaka apate kidogo, amevuka mpaka wa hangova na kuingia uraibu. Mtu huyo akiacha ghafla bila usimamizi wa daktari anaweza kupata degedege, na supu haina neno la kumwambia.

Duka la dawa ni kituo kinachofuata. Parasetamoli hushusha maumivu ya kichwa na ndiyo ya kwanza kuombwa. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mnywaji wa kila siku, ambaye ini lake limepungukiwa na kinga, hata kiasi hicho kinaweza kuwa kikubwa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hukabili mchochota vizuri zaidi, lakini huliwasha tumbo ambalo pombe imekwisha kuliwasha, na kwa mwenye vidonda vya tumbo mchanganyiko huo huweza kuleta damu. Wengine hutundikiwa dripu. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ya hospitali ina gramu 4.5 za chumvi, na kwa mtu anayeweza kumeza bila kutapika, bakuli la supu na maji ya kunywa hufika mahali hapohapo bila sindano.

Utafiti umezifuata tiba hizi na kurudi na maneno machache. Mwaka 2005 jarida la British Medical Journal lilichapisha mapitio ya majaribio 8 yaliyopima dawa na mimea mbalimbali, kuanzia propranololi hadi artichoki, na hitimisho likawa kwamba hakuna ushahidi wa kushawishi kwa tiba yoyote. Mapitio mengine ya mwaka 2022 yalikusanya majaribio 21 na kuukuta ushahidi ukiwa wa kiwango cha chini sana. Hata kanuni za mpangilio wa vinywaji hazikupona: jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2019, lenye washiriki 90, liliwapa baadhi bia kabla ya mvinyo na wengine mvinyo kabla ya bia, na hangova zao hazikutofautiana. Yaliyobashiri ukali wake ni jinsi mtu alivyojiona amelewa, na kama alitapika.

Kwa nini basi kila mtu anayo dawa yake na kila mmoja ana ushahidi? Kwa sababu hangova hupona yenyewe, na hupona siku hiyohiyo. Anayekunywa supu saa nne asubuhi huwa nafuu saa nane mchana. Anayekunywa dafu saa nne huwa nafuu saa nane. Anayelala tu, bila kitu, huamka nafuu saa nane. Kila mmoja hukisifu alichokuwa nacho mkononi, na sifa hiyo hurithiwa mpaka ikawa mila. Ugonjwa unaoondoka kwa ratiba yake ni rafiki wa kila mganga. Ukweli huu hauifanyi supu kuwa uongo. Unaiweka mahali pake. Supu ni namna ya kulingoja ini, na namna za kungoja hazilingani. Moja hurudisha maji, chumvi na sukari wakati saa zinapita; nyingine huficha maumivu na kuongeza kidonda; ya tatu huzisukuma saa zenyewe mbele. Na ile ya kwanza ina faida ambayo hakuna maabara iliyoipima: huliwa mezani pamoja na watu, na aliyeamka na majuto hupata pa kukaa bila kulazimika kusema.

Kungoja kuna mahali pake pa kukomea, na hapo mazoea ya hangova hugeuka kuwa hatari. Mahali pa kwanza ni pombe haramu iliyochanganywa na methanoli ya viwandani. Sumu hiyo huchelewa: mara nyingi dalili kubwa huja saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, wakati mgonjwa na jirani zake wamekwisha kusema ni hangova tu. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo huishambulia mishipa ya macho. Macho kuona ukungu, pumzi za haraka, tumbo kuuma sana na kuchanganyikiwa ni dalili za kukimbilia hospitali, ambako dawa ya kuizuia na usafishaji wa damu vinaweza kuokoa macho na uhai. Kenya imelipa bei hiyo mara nyingi: Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kirinyaga. Mahali pa pili ni malaria. Kichwa kuuma, viungo kulegea na kichefuchefu ni dalili zake pia, na homa si dalili ya hangova. Mwenye homa, au asiyepata nafuu baada ya siku nzima, anahitaji kipimo kabla ya bakuli la pili.

Yaliyobaki ni madogo na hayana siri: kula kabla ya kunywa, kupishanisha maji na pombe, kuacha mapema ili ini lipate usiku wa kufanyia kazi, na asubuhi kutoendesha gari mpaka hesabu ya saa itimie, kwa kuwa mwenye hangova anaweza kuwa bado na kileo katika damu. Hakuna kati ya hayo linalofuta chupa iliyokwisha kunywewa. Kipimo pekee kinachoipunguza hangova kwa uhakika ni idadi ya chupa, nacho huamuliwa jioni, muda wa saa kumi kabla sufuria ya makongoro haijafunuliwa.